Masafa, Marudio na Mvumo: Historia ya Lugha ya Mwanafunzi wa Uhandisi wa Simu

Makala haya yanahusu lugha ya somo moja, nalo ni uhandisi wa mawasiliano ya simu, hasa katika daraja ya masomo yanayofuata shahada ya kwanza. Sababu ya kulichagua somo hilo ni swali tulilopelekewa na kijana wa Gando, katika Wilaya ya Wete, Pemba, aliyekuwa bara akisomea shahada ya uzamili ya fani hiyo. Utafiti wake ulihusu jinsi mawasiliano ya redio yanayopita juu ya bahari yanavyopata nguvu na kupoteza nguvu kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji. Alitaka kumweleza baba yake, ambaye ni mvuvi, kazi aliyokuwa akiifanya. Jambo lenyewe lingeweza kueleweka Gando upesi kuliko mahali pengi, kwani watu wanaoishi mbele ya kisiwa cha Fundo hupanga siku zao kwa bamvua na maji mafu. Lakini kijana hakuwa na maneno. Aliyofundishwa yalikuwa ya Kiingereza, na yale ya Kiswahili aliyoyakuta katika orodha zetu yalimtatiza, kwa maana neno moja lilimpa vitu viwili, na kitu kimoja kilimpa maneno matatu.

Si kwamba Kiswahili kilichelewa kuipokea simu. Mwaka 1879 Waingereza walilaza waya wa simu chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja kuelekea Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 waya mwingine uliiunganisha Unguja na Mombasa, na katika mwaka huo huo Wajerumani wakaunganisha Bagamoyo na Dar es Salaam na Unguja. Jengo la kampuni ya simu lililojengwa Shangani lingali limesimama, ingawa baadaye liligeuzwa hoteli. Watu wa mwambao walikiita kitu hicho kipya kwa neno lililotoka Uajemi, ambako sim maana yake ni waya. Neno halikupitia kamati yoyote. Lilishuka bandarini pamoja na watu na bidhaa, likaongezewa irabu, likapewa kitenzi cha kupiga, na likakaa.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Unguja na Pemba ziliunganishwa kwa mitambo ya kupeleka habari hewani, bila ya waya. Hapo ndipo lugha ilipoonyesha ustadi wake, maana watu walisema simu ya upepo. Mtu akitafsiri kwa kufuata asili ya neno ataona kwamba walisema waya wa upepo, na atacheka. Lakini aliyelisema hakuwa na habari ya Kiajemi wala hakuihitaji. Kwake simu ilikuwa tayari ni habari inayofika upesi kutoka mbali, ipitie wapi ipitie. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapo wenzetu wanaoamini kuwa istilahi nzuri ni ile ambayo sehemu zake zinaeleza kitu chenyewe kwa ukamilifu. Neno simu halielezi chochote, nalo limeishi miaka zaidi ya mia.

Hali ilikuwa nyingine redio ilipokuja. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na BBC mwaka 1957. Wasikilizaji walihitaji kuambiwa mahali pa kusimamisha mshale wa redio zao, na watangazaji wakachagua neno masafa. Yakawapo masafa mafupi na masafa ya kati, na kila tangazo likaja na hesabu ya mita: mita 25, mita 49. Kwa msikilizaji hapakuwa na taabu yoyote. Mita 49 ilikuwa ni namba iliyoandikwa kwenye kioo cha redio, basi.

Taabu ilianza zilipokuja stesheni za FM, ambazo hazikutangaza mita bali megahezi, na watangazaji wakaendelea kusema masafa. Sasa neno moja likawa linabeba vitu viwili, na vitu vyenyewe ni kinyume. Mita hupima urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa wimbi linalofuata. Megahezi hupima ni mara milioni ngapi wimbi linajirudia katika sekunde moja. Kwa kuwa mawimbi ya redio yote huenda kwa mwendo ule ule wa karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, moja likipungua lingine huongezeka. Mita 49 ni sawa na megahezi 6 na kidogo. Mita 25 ni sawa na megahezi 12. Stesheni ya FM yenye megahezi 100 ina wimbi la mita 3 tu, kwa hiyo ni fupi zaidi kuliko yale tuliyozoea kuyaita masafa mafupi. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiswahili kwamba masafa ya juu yana masafa mafupi ana haki ya kukifunga kitabu.

Na dawa ipo, wala si mpya. Katika fizikia ya Kiswahili limekuwapo neno marudio kwa ile hesabu ya kujirudia, na urefu wa wimbi haukuhitaji istilahi zaidi ya maneno yenyewe. Lakini marudio lilikaa katika orodha, na masafa likawa hewani kila siku. Binafsi sioni kwamba watangazaji wanastahili lawama. Walisema na watu, na watu waliwaelewa. Kilichokosekana ni chumba cha darasa ambamo marudio lingetumiwa kila siku, likachoshwa na kuzoeleka, mpaka lipate nguvu ya kushindana.

Hapo hatuna budi kuangalia wahandisi wetu walisoma wapi na kwa lugha gani. Kwa muda mrefu kazi za simu zilifundishwa ndani ya idara yenyewe. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilikuwa na chuo chake Mbagathi, karibu na Nairobi, ambako mafundi wa nchi tatu walijifunza kuunga nyaya, kutunza mitambo na kusimika milingoti. Aliyetaka shahada ya uhandisi wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, baina ya 1963 na 1970, alikwenda Nairobi, kwa kuwa Dar es Salaam haikuwa na uhandisi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na mambo ya simu yakawa chini ya fani ya umeme. Kote huko lugha ilikuwa Kiingereza.

Vijana wa Unguja na Pemba walikuwa na njia nyingine pia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walipelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, Urusi ya Kisovieti na China. Huko mwanafunzi alianza kwa kufundishwa lugha ya nchi, kisha akaingia darasani na wenyeji. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha katika mijadala yetu. Kijana aliyetoka skuli akiwa na Kiingereza kidogo na Kijerumani hana kabisa aliweza, baada ya kujifunza lugha kwa muda usiozidi mwaka mmoja hivi, kuanza kusoma uhandisi kwa Kijerumani, na hakuna aliyesema kuwa Kijerumani hakifai kwa sayansi kwa sababu yeye hakukijua jana. Aliporudi, mafundi wawili waliokaa meza moja, mmoja wa Leipzig na mwingine wa Nairobi, walikuwa na majina mawili ya kila chombo. Lugha iliyowaunganisha kazini ilikuwa Kiswahili, lakini katika Kiswahili hicho majina ya vyombo yalikuwa ya mmoja wao, yule mwenye cheo.

Wakati huo huo mashirika yenyewe yalikuwa yakibadili majina, na katika majina hayo inaonekana historia ya dhana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika la Posta na Simu. Mwaka 1994 shirika hilo liligawanywa, ikatoka Kampuni ya Simu kwa upande mmoja na Shirika la Posta kwa upande mwingine, pamoja na Tume ya Mawasiliano ya kusimamia. Mwaka 2003 ikaundwa Mamlaka ya Mawasiliano. Hivyo tumetoka katika simu na kuingia katika mawasiliano. Mabadiliko hayo yana sababu, maana redio, televisheni na intaneti haziwezi kuitwa simu kwa urahisi. Hata hivyo mawasiliano ni neno pana mno. Barabara ikikatwa na mvua tunasema mawasiliano yamekatika. Mwandishi wa habari naye husomea mawasiliano. Mtu akisema amehitimu uhandisi wa mawasiliano, mwenye kumsikiliza hajui kama anajenga madaraja au anatengeneza mitambo ya redio. Kwa ajili hiyo katika makala haya nimeandika uhandisi wa simu, kwa imani kwamba neno lililovumilia upepo halitashindwa kuvumilia setilaiti.

Kuhusu lugha ya kufundishia, wasomaji wengi wanazijua tarehe zenyewe, kwa hiyo nitazipitia kwa haraka. Kiswahili kilifanywa lugha ya elimu ya msingi Tanzania Bara mwaka 1967, mwaka ule ule Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza kufundisha somo lake kwa Kiswahili. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Utamaduni ya 1997 ililirejea, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikaligusa tena. Zanzibar, Sera ya Elimu ya 2006 ilikwenda upande wa pili, ikaagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano.

Maana ya tarehe hizo kwa mtoto wa Gando ni hii. Orodha za istilahi za sayansi zilizotayarishwa katika miaka ya 1970 na 1980 zilitayarishwa kwa ajili ya mlango uliotarajiwa kufunguliwa. Baraza lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu kuanzia 1974. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mlango haukufunguliwa, na maneno yakabaki barazani yakisubiri. Istilahi ambayo hakuna mwalimu anayelazimika kuitumia, wala mtahini anayeitaka katika karatasi ya majibu, haina njia ya kusahihishwa. Ikiwa mbaya haijulikani kuwa mbaya. Ikiwa nzuri haijulikani pia.

Linganisha na maneno yaliyokuja na simu za mkononi, ambayo yaliwekwa midomoni mwa watu wote kwa mara moja. Mtandao, kutoka katika kutanda, ulikubaliwa bila ubishi. Wavuti ulitoka katika wavu, na kurambaza ni neno ambalo wavuvi walikuwa nalo kwa kazi yao kabla halijahamia intaneti. Kupakia na kupakua yalikuwa maneno ya bandarini: Wete imepakia karafuu tangu siku za mababu, na mwanamke wa Pemba hupakua wali kila siku. Kijana anayepakua wimbo katika simu yake hafikirii kwamba anatumia istilahi. Hata mnara, ambao kwa vizazi vingi ulikuwa wa msikiti au wa kuongozea vyombo, sasa ni wa simu, na hakuna aliyelalamika. Kuna na maneno ambayo ofisi zilipenda na watu wakayapita: nukushi liliishi kadiri mashine yake ilivyoishi, na rununu limeshindwa na simu ya mkononi karibu kila mahali.

Kwa hiyo bahari imekwisha kuipa simu maneno mengi, lakini ni maneno ya mtumiaji. Mhandisi hakupata yake. Na hapa narudi kwenye utafiti wa kijana wetu, kwa sababu ndani yake mna majaribio ya kutosha kwa ofisi nzima ya istilahi.

Baina ya Pemba na bara pana mkondo wenye upana wa kilomita 50 hivi. Mitambo miwili ikitazamana juu ya mkondo huo, wimbi la redio hufika kwa njia mbili. Moja huenda moja kwa moja. Jingine huteremka, hupiga uso wa maji, na huakisiwa. Yakifika yakiwa sambamba, mgongo kwa mgongo, husaidiana. Yakifika mgongo wa moja juu ya bonde la jingine, huuana. Tuchukue wimbi la marudio ya gigahezi 6, ambalo urefu wake ni sentimita 5, na antena zilizo mita 100 juu ya maji katika kila upande, bila ya kuhesabu mviringo wa dunia. Wakati wa bamvua maji yakishuka au kupanda kwa mita 4, tofauti ya njia hizo mbili hubadilika kwa sentimita 3 hivi, nayo ni zaidi ya nusu ya wimbi. Inatosha kuyageuza mawimbi kutoka kusaidiana hadi kuuana, mchana mmoja, bila ya mvua wala dhoruba.

Kitendo hicho kinaitwaje? Orodha moja ilimpa kijana kufifia. Lakini katika orodha nyingine kufifia ndilo neno la jambo tofauti, yaani kupungua kwa nguvu za wimbi kwa sababu ya umbali au ya waya wenyewe. Jambo hili la pili halipandi na kushuka. Ni upungufu wa kudumu unaoweza kuhesabiwa mapema. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuyachanganya na akafaulu. Mwanafunzi wa uzamili hawezi, kwa sababu tasnifu yake yote imesimama juu ya tofauti hiyo. Rai yangu ni kwamba kufifia kubakie kwa lile linalokuja na kuondoka, kama taa ya chombo inavyofifia na kurudi ikionekana kwa mbali, na hili la pili liitwe upungufu, bila ya pambo.

Neno la pili ni lile la sauti isiyotakiwa, ambayo huingia katika kila chombo na kuifunika habari. Kiingereza huita kelele, na sisi tukaita kelele kwa kukifuata. Kelele katika Kiswahili ni za watu, watoto wakicheza au soko likichanganya, na mtu anaweza kuambiwa azinyamazishe. Hii haiwezi kunyamazishwa; imo katika joto la vyombo vyenyewe. Napendekeza mvumo, kwa kuwa upepo huvuma na bahari huvuma, usiku na mchana, na mvuvi husikia sauti ya mwenziwe juu ya mvumo huo au haisikii. Claude Shannon alipoonyesha mwaka 1948 kwamba kiasi cha habari kinachoweza kupita katika njia moja kinategemea upana wa njia hiyo na uwiano wa ishara na mvumo, alieleza kwa hesabu jambo ambalo watu wawili wanaoitana kutoka ngalawa mbili wamelipima siku zote kwa masikio.

Neno la tatu lilitushinda kwa muda. Ni kile kitendo cha kuitia sauti au habari katika wimbi lenye marudio makubwa, ili wimbi hilo liichukue mpaka mbali. Kupakia lingefaa kabisa, na kupakua kwa upande wa kupokea. Lakini maneno hayo yamekwisha kuchukuliwa na intaneti, wala hatuwezi kuwanyang'anya watu. Kwa sasa tunatumia kubebesha: wimbi linalobeba ni wimbi chukuzi, nalo hubebeshwa kwa kimo chake au kwa marudio yake. Wapo wanaoona kuwa kubebesha ni neno la punda. Sioni aibu yoyote kwa punda.

Ama jina la daraja lenyewe, nalo lina historia yake. Zamani tulisema shahada ya pili na shahada ya tatu, kama ngazi za nyumba. Kisha yakaja uzamili, lenye sura ya neno la Kiarabu la mwenzi katika kazi au masomo, na uzamivu, ambalo kila Mpemba hulisikia katika kuzama. Madaraja hayo sasa yanapatikana karibu zaidi kuliko zamani: Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, Arusha ikapata Taasisi ya Nelson Mandela, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilichoundwa kwa sheria ya 1999 kilianza kufundisha mwaka 2001. Lakini mwanafunzi wa uhandisi anayeingia huko huandika tasnifu kwa Kiingereza, na katika nchi yenye mamilioni ya watu wanaoishi kwa simu, utafiti wa simu unasomwa na watu wachache sana.

Baadhi yetu katika ofisi tumependekeza jambo dogo ambalo halihitaji sera mpya. Kila tasnifu ya uhandisi iambatane na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa mbili au tatu, iliyoandikwa na mtafiti mwenyewe na kuulizwa maswali na watahini siku ya utetezi. Kurasa tatu zingelazimisha mtu kuchagua baina ya masafa na marudio, na baina ya kufifia na upungufu. Mhadhiri mmoja wa fani hiyo alitujibu kwamba wanafunzi wake hawana maneno. Ni kweli, na ofisi ya istilahi nayo, ikikaa peke yake, haina wanafunzi.

Kijana wa Gando aliandika ikisiri yake bila ya kulazimishwa, kurasa mbili na nusu. Mwalimu wa fizikia wa huko aliisoma pamoja naye wakati wa likizo, akamwambia, "Maalim, hapa umesema bonde la wimbi, sisi tunajua mgongo, bonde hatulisemi hivyo." Tumeliandika pingamizi hilo, nalo litafika mbele ya kamati pamoja na mvumo, kubebesha na wimbi chukuzi. Wasomaji walio katika skuli, vyuo na idara za simu ambao wana neno jingine wanalotumia kazini kwa sehemu ya chini ya wimbi wanaombwa watuletee, pamoja na maelezo ya mahali wanapolitumia.